Profesa Broglio na Mizani Yake Katika Bahari ya Ngomeni

Katika ua wa nyumba yangu hapa Buruburu pana kamba ya kuanikia nguo, na mke wangu ana desturi moja asiyoiacha: kanga zake huzigeuza ndani nje kabla ya kuzianika. Alifundishwa hivyo na mama yake kule Mambrui, kwa sababu jua hula rangi. Maneno hayo ni ya kweli. Ila si joto la jua linalofanya kazi hiyo, wala si mwanga huu tunaouona peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na nuru nyingine iliyofichika, isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Johann Wilhelm Ritter aliigundua mwaka 1801, na sisi katika Kiswahili tumeiita urujuanimno, maana iko ng'ambo ya urujuani, rangi ya mwisho ya upinde wa mvua.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alikuja na daftari lake la fizikia akakaa nami sebuleni baada ya swala ya Isha. Alikuwa amesoma habari za roketi zilizopandisha vyombo juu ili kuipima nuru hiyo ya jua. Majina yote ya mahali yalikuwa ya mbali. Akaniuliza kama katika nchi yetu jambo la namna hiyo limewahi kufanyika hata mara moja. Aliuliza kama mtu ambaye jibu tayari analo moyoni, na jibu lenyewe ni hapana.

Nilinyamaza kwa muda. Mimi nimefundisha jiografia kwa zaidi ya miaka 30 katika shule za Eastlands. Nimezaliwa Mambrui, si mbali na Ngomeni, na utotoni niliziona roketi kwa macho yangu zikipaa kutoka baharini. Lakini katika miaka yote hiyo ya ualimu sikumweleza mwanafunzi hata mmoja. Niliyahesabu kuwa ni mambo ya wageni, waliokuja na mitambo yao, nami sina langu ndani yake. Basi leo nalipa deni kwa kueleza maisha ya mtu aliyezileta roketi hizo pwani yetu. Jina lake ni Profesa Luigi Broglio, na Wataliana humwita baba wa elimu ya anga ya nchi yao.

Kijana wa Mestre

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, ulio ukingoni mwa bahari mkabala na Venice. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Roma, na huko ndiko alikosomea. Mwaka 1934 alihitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma. Baada ya kutumikia jeshi katika kikosi cha mizinga, aliingia mwaka 1937 katika idara ya wahandisi wa jeshi la anga, akafanya kazi katika kituo cha utafiti cha Guidonia, karibu na Roma.

Vita vikuu vilipokwisha, Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa, na viwanda vyake vingi vilikuwa magofu. Broglio alirudi chuoni kufundisha. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa chuo cha uhandisi wa ndege hapo Roma, akishika mahali pa mwalimu mashuhuri Gaetano Arturo Crocco. Mwaka 1956 jeshi la anga likampa kazi ya kuongoza utafiti wa roketi katika uwanja wa Salto di Quirra, kisiwani Sardinia.

Hapa ndipo pa kumtazama vizuri bwana huyu. Roketi wakati ule zilikuwa silaha, na mwenye kuzishughulikia alitazamiwa afikirie shabaha. Yeye alikuwa mwanajeshi, tena baadaye alifika cheo cha jenerali, lakini moyo wake ulikuwa katika hewa yenyewe. Alitaka kujua hewa ya juu kabisa, pale inapokaribia kwisha, ina uzito gani na inakwenda vipi. Mwaka 1961 yeye na wenzake walirusha kutoka Sardinia roketi zilizomwaga mvuke wa sodiamu angani wakati wa machweo. Wingu lile liling'aa kwa jua ambalo kwa watu wa chini lilikuwa limekwisha kuzama, na kwa kulitazama likisukumwa waliweza kupima pepo za juu sana.

Kwa nini jua lidai roketi

Ili msomaji aelewe kazi iliyofuata, yafaa tuulize kwanza kwa nini mtu apate taabu ya roketi, na jua lenyewe liko hapa utosini kila siku.

Sababu ni kwamba hewa hutuchujia. Nuru ya urujuanimno ina daraja zake. Ile ya karibu na urujuani hutufikia, nayo ndiyo ichomayo ngozi na kufifisha kanga. Iliyo kali zaidi huzuiwa na ozoni, tabaka la hewa lililo jingi zaidi katika kimo cha kilomita 20 hadi 30 hivi. Na iliyo kali kupita zote humezwa juu zaidi, zaidi ya kilomita 100 kutoka ardhini, isifike chini hata chembe. Kwetu sisi viumbe hii ni rehema kubwa, kwani kama nuru hiyo ingetufikia yote, tusingeweza kuishi hapa nje. Lakini kwa mtu atakaye kuipima, hana budi apeleke chombo chake juu ya chujio.

Mlango huo ulifunguliwa Marekani mwaka 1946. Wamarekani walikuwa wameteka roketi za Kijerumani ziitwazo V-2, zile zile zilizoupiga mji wa London, wakawapa wanasayansi nafasi ya kutia vyombo vyao ndani. Richard Tousey na wenzake wa maabara ya jeshi la majini walitengeneza chombo cha kutawanya nuru ya jua na kuipiga picha. Roketi ya kwanza waliyoitumia, mwezi wa Juni, ilirudi ardhini kwa kishindo ikachimba shimo kubwa, na chombo hakikuonekana tena. Tarehe 10 Oktoba wakajaribu upya. Safari hii walikiweka chombo mkiani, mahali ambapo pangeweza kuvunjika bila kusagika. Filamu ilipatikana nzima, na kwa mara ya kwanza mwanadamu akaiona sehemu ya nuru ya jua ambayo ozoni ilikuwa imemficha tangu kuumbwa kwake.

Taabu ya roketi za namna ile ni kwamba hukaa juu kwa dakika chache tu, kisha huanguka. Hata hivyo zilileta maarifa mengi. Mwezi wa Oktoba 1958, Herbert Friedman na wenzake walizirusha kutoka katika meli katika Bahari ya Pasifiki wakati jua lilipokuwa limepatwa. Waliona kuwa mwezi ulipokuwa ukilifunika jua, ile nuru ya urujuanimno waliyoipima ilikatika, na miale ya eksirei iliendelea kuja. Kwa hiyo eksirei zatoka katika taji la hewa ya moto lililozunguka jua, na sehemu kubwa ya urujuanimno ile yatoka chini yake.

Sasa nuru ile kali ikimezwa huko juu, huenda wapi? Haipotei. Hugeuka joto. Hewa nyembamba ya kule hupata moto na kufura, kama mahamri yanavyofura katika karai. Na jua lenyewe halina hali moja: kila baada ya miaka kama 11 hupata nguvu, likajaa madoa, kisha likatulia tena. Likipata nguvu, hewa ya juu hufura zaidi, ikapanda mpaka katika njia za setilaiti na kuzikwamisha polepole hadi zikaanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Skylab, nyumba kubwa ya Wamarekani ya angani, iliyoanguka tarehe 11 Julai 1979, mapema kuliko walivyotazamia, na vipande vyake vikamwagika katika Bahari ya Hindi na Australia ya Magharibi.

Mizani ya Broglio

Broglio alilikamata jambo hili kutoka upande wa hewa. Setilaiti za mwanzo zilipokuwa zikizunguka, wataalamu walikisia uzito wa hewa kwa kutazama jinsi njia ya setilaiti inavyoshuka siku hata siku. Hesabu hiyo ilitoa wastani wa siku nyingi. Yeye alitaka kujua hewa ya mahali hapa, saa hii.

Akabuni chombo ambacho mpaka leo hujulikana kama Mizani ya Broglio. Setilaiti yake ya kwanza ilikuwa tufe lenye upana wa sentimita 66, ila ndani yake palikuwa na vitu viwili: ganda jepesi la nje, na kiini kizito ndani, vimeungwa kwa mikono laini yenye kunepa. Hewa, hata ikiwa nyembamba namna gani, huligusa ganda la nje na kulisukuma nyuma kidogo. Kiini cha ndani hakiguswi na hewa, basi chaendelea na mwendo wake. Tofauti ndogo kati ya hivyo viwili hupinda ile mikono, na mpindo huo ndio unaopimwa. Mtu aliyewahi kusimama omoni mwa dau na kuhisi upepo kwa shavu moja ataelewa mara moja.

Mwaka 1961 alimpelekea Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango wake, naye akaukubali. Ulipewa jina la San Marco, mtakatifu wa mji wa Venice. Mwaka 1962 Italia na Marekani zikapatana: Wamarekani watatoa roketi zao za Scout na kuwafundisha Wataliana kuzirusha, Wataliana watatengeneza setilaiti na uwanja wa kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964, katika kisiwa cha Wallops huko Marekani, mafundi wa Kitaliana walirusha kwa mikono yao San Marco ya kwanza, nayo ikazunguka dunia salama.

Lakini Broglio hakutaka Wallops. Alitaka ikweta, na ndipo hadithi yake ilipofika kwetu.

Bahari ya Ngomeni

Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo hapo kuelekea mashariki huanza safari tayari ina mwendo huo bure, ikaweza kubeba mzigo mzito zaidi. Setilaiti nayo hubaki juu ya mkanda wa ikweta, ikirudi juu ya mahali pale pale kila mzunguko. Tena upande wa mashariki wapaswa uwe bahari tupu, ili vipande vya roketi vikianguka visimdhuru mtu. Ramani ikitazamwa kwa masharti hayo, Ghuba ya Ungwana kaskazini ya Malindi yajitokeza yenyewe: iko chini ya digrii 3 kusini ya ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi.

Broglio hakujenga ardhini. Alichukua jukwaa la chuma la kuchimbia mafuta baharini, lenye pembe tatu, likakokotwa hadi Ngomeni na kusimamishwa kwa miguu yake juu ya mchanga wa bahari. Likaitwa Santa Rita, na kutoka hapo roketi ndogo za kwanza zilirushwa mwezi wa Machi 1964, miezi mitatu tu baada ya Kenya kupata uhuru. Baadaye likaja jukwaa kubwa zaidi, lililokuwa gati la kuelea la jeshi la Marekani, likaitwa San Marco. Hilo ndilo lililobeba Scout, roketi ya madaraja manne yenye urefu wa zaidi ya meta 20. Santa Rita likawa chumba cha kuongozea, na nyaya zikapita chini ya maji kati ya majukwaa hayo mawili.

Jumatano ya tarehe 26 Aprili 1967 ilirushwa San Marco ya pili, setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka katika jukwaa la baharini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10. Sisi watoto tulikimbia hadi ufukweni Mambrui. Tuliona kwanza ule mwali na mstari mweupe ukipanda upande wa Ngomeni, bila sauti yoyote. Ngurumo ilifika kama dakika moja baadaye, wakati mstari wenyewe ulikuwa umeanza kupindwa na upepo.

Baba alikuwa mvuvi. Siku za kurusha, vyombo vilitakiwa vikae mbali na eneo lile, kwa usalama, naye siku hizo hushinda nyumbani akishona nyavu. Mtaani kulikuwa na maneno mengi. Wapo waliosema roketi zinafukuza mvua, na wapo waliosema wanatafuta mafuta angani. Baba hakuyakubali wala hakuyakataa. Jioni moja aliniambia kwamba mimi ndiye ninayekwenda skuli, basi nikaulize wale watu wanapima nini huko juu, nije nimweleze. Nilimwahidi.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Wamarekani walitumia uwanja wa Broglio kurusha setilaiti yao, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza setilaiti yao kurushwa na watu wa taifa jingine. Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Hiyo haikutazama urujuanimno bali eksirei, nayo iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo mbinguni. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata nishani ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya wanajimu wa dunia nzima, na mimi, kijana wa miaka 13 niliyeiona ikipaa, sikujua habari hiyo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Katika miaka iliyofuata uwanja ule haukulala. San Marco ya tatu ilirushwa mwaka 1971 na ya nne mwaka 1974, zote zikiwa na ile mizani, pamoja na vyombo vya Wamarekani vya kupambanua aina za hewa. Katikati yake zikaja setilaiti za Wamarekani na ile ya Waingereza, Ariel 5. Kwa jumla setilaiti 9 zilitoka Ngomeni kati ya 1967 na 1988, na hakuna hata moja iliyoshindwa kufika katika njia yake.

Siku jua lilipopatwa

Nilikuja Nairobi kusomea ualimu, nikakaa kwa mjomba hapa Buruburu, wakati nyumba za vigae zilikuwa bado mpya na miti ya barabarani ni miche. Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980 jua lilipatwa. Pande za Voi na Taita lilifunikwa lote. Hapa kwetu ilibaki ncha, na mwanga ukawa wa ajabu, kama wa taa ya chemli iliyopunguzwa utambi mchana. Tuliswali swala ya kupatwa kwa jua. Imamu alitukumbusha habari iliyo mashuhuri, kwamba jua lilipatwa siku alipofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba huo. Naye Mtume, rehema na amani zimfikie, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Nilipotoka msikitini niliikumbuka ahadi niliyompa baba. Lakini nilikuwa kijana wa mjini, nina masomo na safari za matatu asubuhi na jioni. Niliahirisha.

Wakati huo Broglio mwenyewe alikuwa akisubiri. Setilaiti ya tano ya San Marco ilikuwa ndiyo itakayokamilisha kazi ya maisha yake. Mizani ilikuwa imekwisha kuonyesha hewa ya juu inavyofura na kunywea. Sasa alitaka chombo kimoja kipime yote mawili kwa pamoja, jua linalotia moto na hewa inayopata moto huo. Tangu San Marco ya nne ilipopaa hadi ya tano kupaa ilipita miaka 14. Mtu aliyeanza mradi akiwa na miaka 50 alikuwa sasa na 76.

Ijumaa ya tarehe 25 Machi 1988 ikapaa. Ndani yake, pamoja na mizani ya Broglio, kulikuwa na chombo cha Wajerumani wa Taasisi ya Fraunhofer ya mji wa Freiburg, kilichopima nuru ya jua kuanzia urujuanimno ile kali kabisa hadi kwenye mwanga wa kawaida, na pia mng'ao hafifu wa hewa yenyewe. Vyombo vya Wamarekani vilipima upepo, joto na umeme wa huko juu. Kwa hiyo kile ambacho Tousey alikipata kwa dakika chache katika mkia wa V-2, chombo kilichoondoka katika bahari yetu kilikifanya kwa miezi. Kilizunguka juu ya ikweta, kikipita tena na tena juu ya pwani ya Kenya, kikilipima jua lile lile lililokuwa likikausha papa na kingugu katika fukwe za Ngomeni.

Tarehe 6 Desemba mwaka ule ule kilianguka na kuungua angani. Jua lilikuwa likipata nguvu tena, na hewa iliyokuwa ikipimwa ndiyo hiyo hiyo iliyokikwamisha na kukishusha.

Baba hakuiona hiyo ya mwisho. Alifariki mwaka 1986. Katika miaka 16 tangu Uhuru ipae hakuniuliza tena, nami sikumweleza. Mambo yote niliyoyaandika hapa juu angeyafahamu vizuri kuliko mimi, kwa sababu alijua upepo na alijua jua kwa kazi yake.

Mwisho wa mzee

Baada ya 1988 hapakurushwa setilaiti nyingine kutoka Ngomeni. Broglio alipendekeza Scout iongezwe nguvu kwa mitambo ya Kitaliana, ili uwanja uendelee. Mpango huo haukupata fedha wala kibali, na mwaka 1994 Wamarekani wakarusha Scout yao ya mwisho. Ilikuwa huzuni kwa mzee huyo kuona jukwaa lake limebaki likipigwa na chumvi. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Baadaye kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake. Mwaka 2012 Ulaya ilirusha kwa mara ya kwanza roketi iitwayo Vega, iliyojengwa hasa na Wataliana, nayo pia ilirushwa karibu na ikweta, kule Kourou, Amerika ya Kusini.

Vipokezi vya nchi kavu havikunyamaza. Setilaiti iitwayo Swift, iliyorushwa mwaka 2004 na ambayo ina darubini ya kutazama urujuanimno wa nyota, ilileta habari zake duniani kupitia Malindi.

Yapo ya kumlaumu Broglio? Alikuja kwa ajili ya nchi yake na elimu yake, na ukweli ni kwamba sifa ya kazi ile ilikwenda Roma zaidi kuliko Nairobi. Swali la fungu la Kenya lilijadiliwa kwa miaka mingi, hadi mataifa haya mawili yakatia saini mkataba mpya mwaka 2016, wenye kutaja mafunzo na elimu kwa Wakenya. Na mwaka 2017 Kenya ikaunda shirika lake la anga. Hayo ni ya serikali. Lakini fungu jingine la lawama ni letu sisi tuliokuwa pale. Hakuna aliyenikataza kuuliza. Wala hakuna aliyenikataza kusimama mbele ya darasa la watoto 40 na kuwaambia kwamba hewa ya juu ya ikweta ilipimwa mara ya kwanza kwa mizani hiyo kutoka mahali ambapo baba yangu alikuwa akitega nyavu. Kama ningesema, huenda mmoja wao angekwenda kuisoma elimu hiyo, na mjukuu wangu asingeuliza lile swali kwa sauti ile.

Nilimweleza yote usiku ule, mpaka mama yake akaja kutukumbusha kuwa kesho kuna shule. Alichora mizani katika daftari lake, tufe ndani ya tufe, akaniuliza ile mikono ya kati ilitengenezwa kwa madini gani. Sikuwa na jibu. Akaandika swali hilo pembeni mwa ukurasa.

Shule zikifungwa, Inshallah, tutapanda basi hadi Malindi, kisha Ngomeni. Majukwaa yanaonekana kutoka ufukweni. Nimemwahidi kwamba kabla ya kufika huko tutapitia makaburini Mambrui kumsomea baba Fatiha, na safari hii ahadi sitaiahirisha.